Mwajiri, Msajili na Hakimu: Nani Aketi Kwenye Baraza la Walimu?

Hotuba kwa wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa mwisho, kama ilivyoandikwa upya kwa wasomaji

Mkuu wa Kitivo, wahadhiri, na ninyi wa mwaka wa nne ambao tayari mmeanza kuitana "mwalimu" huko mabwenini: hamjambo?

Niliitwa kuzungumza kuhusu maadili ya kazi. Nikaomba kubadilisha mada, na Mkuu akakubali shingo upande. Kuhusu maadili mmehubiriwa vya kutosha. Ambalo pengine hamjaambiwa ni nani atakayewapima kwa maadili hayo, alifikaje kwenye kiti chake, na ana mambo gani mengine mezani siku anapofungua faili lako.

Baada ya kuhitimu mtaingia kwenye tovuti ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Mtapakia vyeti vya masomo na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, mtalipa shilingi 1,055, kisha mtasubiri. Siku namba ikitoka, mtapiga picha ya skrini na kumtumia mama. Furahini, ni haki yenu. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inakataza mtu kufundisha nchini Kenya bila kuwamo kwenye rejista ya walimu inayoshikwa na Tume hiyo, iwe ni shule ya umma, ya kanisa au ya mwekezaji. Ukifutwa kazi na shule moja, unaweza kutafuta nyingine. Ukifutwa kwenye rejista, umekwisha kama mwalimu.

Kwa hiyo swali la nani anaishika rejista si swali la mawakili. Ni swali la riziki yenu, na ni swali la usalama wa watoto mtakaowafundisha. Wanaoishika ni watu tisa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 250, inasema tume ya kikatiba iwe na makamishna wasiopungua watatu wala kuzidi tisa. Sheria ya TSC ikachukua wote tisa: mwenyekiti na makamishna wanane. Wanapita kwenye jopo la uteuzi, Bunge la Kitaifa linawaidhinisha, Rais anawateua. Wanakaa miaka sita, wanatoka, hawarudi tena. Muhula mmoja usioongezwa ni jambo jema sana, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Kamishna asiyetarajia kuongezwa muda hana sababu ya kumbembeleza waziri wala mbunge.

Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyepigiwa kura na walimu. Wala hakuna kiti ambacho sheria imekitenga kwa mzazi.

Sasa sikilizeni kazi zao. Kifungu cha 237 cha Katiba kinawapa kusajili walimu waliohitimu. Kisha kinawapa kuwaajiri. Kisha kuwapanga kwenye shule za umma, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha, kuwatia nidhamu, na kuwaachisha kazi. Juu ya hayo wanatakiwa kuangalia viwango vya mafunzo ya wanaoingia kazini na kuishauri serikali kuhusu idadi ya walimu inayohitajika. Hayo yote ni ya jengo moja, pale Upper Hill, barabara ya Kilimanjaro, na yanahusu walimu zaidi ya laki tatu walio kwenye orodha ya mishahara, ukiacha wale wa shule za kibinafsi ambao Tume haiwalipi senti ila inawasajili.

Daktari wa hospitali ya kaunti anaajiriwa na kaunti yake. Leseni anaipata kwa Baraza la Madaktari. Kaunti ikigombana naye kuhusu zamu au mshahara, haiwezi kumnyang'anya udaktari wake. Wakili anaweza kufukuzwa na kampuni ya mawakili asubuhi na bado akawa wakili jioni. Mwalimu wa shule ya umma peke yake ndiye ambaye bosi wake, msajili wake na hakimu wake ni mtu yule yule.

Ilikuwaje tukafika hapa? Wengi wenu mtadhani ni hila ya serikali fulani. La hasha. Tuliomba wenyewe.

Kabla ya 1967 walimu wa Kenya walikuwa na waajiri wengi. Wapo waliolipwa na misheni, wapo wa halmashauri za wilaya, wapo wa serikali kuu. Watu wawili wenye cheti kimoja, wakifundisha darasa moja pande mbili za mto, walikuwa na masharti tofauti ya kazi. Padri angeweza kumwondoa mwalimu kwa sababu ya ndoa yake, na halmashauri ingeweza kukosa pesa za mwisho wa mwezi. Chama cha walimu cha KNUT kilipozaliwa Desemba 1957, mojawapo ya madai yake makubwa lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Kiligoma kwa ajili hiyo, mara kadhaa. TSC ilipoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, ulikuwa ushindi wa walimu. Wazee waliopigania jambo hilo hawakuwa wajinga. Walikuwa wanakimbia dhuluma waliyoijua kwa majina.

Tatizo ni kwamba kwenye ushindi huo tulifunga pamoja vitu viwili ambavyo havikuhitaji kufungwa pamoja: mshahara mmoja na rejista moja. Kwa miaka mingi haikuonekana. Siku hizi inaonekana, na nitawaonyesha mahali patatu.

Pa kwanza panawahusu ninyi moja kwa moja. Sekondari msingi ilipoanza, Tume ilichukua maelfu ya walimu kwa mkataba wa uanagenzi, kwa malipo ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hawa ni watu wenye digrii na namba ya TSC. Walikuwa wakifundisha vipindi vizima na kusahihisha mitihani. Msajili alikuwa amewaangalia na kusema: huyu amehitimu, anafaa kufundisha watoto wa Kenya. Mwajiri akawaangalia watu hao hao na kusema: huyu bado anajifunza, tumpe posho. Msajili na mwajiri ni ofisi moja! Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya wa Mahakama ya Ajira na Leba aliamua kwamba Tume haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi, na kwamba haikuwa haki kumwekea masharti hayo mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa.

Hebu fikirini kama msajili angekuwa mbali na mwenye pesa. Angesimama mapema, kabla ya mtu kukimbilia mahakamani, aseme: nimethibitisha kwamba hawa ni walimu kamili, waajirini kama walimu. Hiyo ndiyo kazi ya mlinzi wa taaluma. Kwetu hakusimama mtu, kwa sababu ambaye angesimama ndiye aliyekuwa akitafuta namna ya kujaza madarasa kwa bajeti isiyotosha. Simlaumu kama mwajiri. Bajeti haikutosha kweli.

Pa pili ni pa migogoro. Juni 2015 mahakama iliamuru walimu waongezwe mshahara kwa asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema pesa hazipo. Septemba walimu wakagoma, wiki zikafika tano, serikali ikaamuru shule zifungwe, na mshahara wa Septemba wa waliogoma ukazuiwa. Novemba Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza yenyewe. Kuna mliokuwa darasa la tano wakati huo mkacheza mpira mwezi mzima, nawaona mnatabasamu.

Mwajiri kuzuia mshahara wa mgomaji ni vita vya kawaida vya mwajiri na chama. Vinaumiza, lakini vina kanuni zake. Sasa ongezeni hili: mwaka 2019 Tume ilimwondoa kwenye rejista ya walimu Wilson Sossion, ambaye wakati huo alikuwa katibu mkuu wa KNUT. Yaani mtu aliyekuwa akiketi upande wa pili wa meza ya mazungumzo ya mishahara. Pengine Tume ilikuwa na sababu zote za kisheria duniani. Leo sitaki tuzifungue, na najua humu ndani wapo wanaompenda na wapo wasiotaka kumsikia. Ninachouliza ni kitu kidogo kuliko hicho. Mwalimu wa kawaida kule Tana River akisikia habari ile redioni, ataamini kwamba ni taaluma iliyojisafisha, au ataamini kwamba mwajiri amemwondoa mpinzani wake? Uamuzi wa kumtoa mtu kwenye taaluma unahitaji kuaminiwa hata na wanaompenda mtu huyo. Ukitoka kwa mpinzani wake mezani, hauwezi kuaminiwa, hata ukiwa sahihi neno kwa neno.

Pa tatu ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapo anayeumia si mwalimu.

Mwaka 2010 naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi aliwanajisi wasichana wawili wa shule yake. Familia zilienda mahakamani. Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mwalimu yule hakuwa peke yake kwenye dhima. Tume kama mwajiri wake ilibeba dhima hiyo, na Serikali pia. Msichana mmoja alipewa fidia ya shilingi milioni 2, mwingine milioni 3. Mwanafunzi yeyote wa ualimu anayetoka chuoni bila kusoma hukumu ile hajamaliza masomo. Wahadhiri mnisamehe.

Tume ilijitetea kwamba ilikuwa imetoa waraka. Ni kweli, na waraka ni mzuri: Waraka Namba 3 wa 2010, unaomtaka mwalimu anayejua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24, na unaomtishia nidhamu anayeficha. Jaji hakuridhika. Kwa maana ya maneno yake, waraka peke yake hautoshi; na kumhamisha mtu wa namna hiyo kutoka shule hadi shule, kisha mwishowe kuridhika kwamba umemfuta kazi, ni kuutupa wajibu ulio nao kwa watoto.

Kosa linaloelezwa pale ni kosa la kimwajiri. Mwajiri ana shule elfu nyingi za kujaza. Mzazi analalamika, mwalimu mkuu anataka utulivu, ushahidi ni wa mtoto anayeogopa, na uhamisho unaandikwa kwa dakika kumi. Mambo yakizidi, anamfuta kazi, na kwake faili limefungwa. Msajili hawezi kulifunga hapo. Aliyefutwa kazi kwenye shule ya umma anaweza kubisha hodi kwenye shule ya kibinafsi mwezi ujao, na watoto wa huko ni watoto vilevile. Jicho la mwajiri linaishia kwenye mpaka wa orodha yake ya mishahara. Jicho la msajili halina mpaka huo. Ukiwapa watu tisa macho yote mawili, siku yenye kazi nyingi watatumia lile la mwajiri, kwa sababu mwajiri ndiye anayepigiwa simu na walimu wakuu, waziri na wabunge.

Nikiri kwamba tangu hapo mambo yamesogea. Majina ya waliofutwa kwenye rejista yanachapishwa, na shule inayoajiri bila kuangalia haina tena kisingizio. Utaratibu wa kesi zenyewe nao si wa porini: unapewa barua ya kusimamishwa, una siku 21 za kuandika utetezi wako, unaitwa kusikizwa, na usiporidhika unaomba mapitio. Lakini angalieni safari ya faili. Anayekusimamisha ni Tume au anayetumwa na Tume. Anayekusikiza ni Tume. Mapitio ni ya kamati iliyo chini ya sheria ya Tume. Nje ya hapo ni mahakama, na mahakama inataka wakili, na wakati huo wewe unalipwa nusu mshahara au, kwa makosa mazito, hulipwi kabisa.

Basi suluhisho si rahisi? Tuwape walimu wajisimamie wenyewe!

Hapana. Hapo ndipo huwa nagombana na wenzangu wa vyama.

British Columbia, huko Kanada, walifanya hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliunda British Columbia College of Teachers, chombo cha kusajili walimu na kuwatia nidhamu, na wengi wa wajumbe wa baraza lake walichaguliwa na walimu. Chama cha walimu cha huko kilikuwa kimekipinga chombo hicho tangu mwanzo, kisha kikagundua njia nyepesi zaidi: kuunga mkono wagombea kwenye uchaguzi wa baraza. Miaka ikapita, malalamiko yakawa mengi kwamba baraza linafikiri kama chama. Serikali ikamtuma Don Avison achunguze, na ripoti yake ya mwaka 2010 ikaeleza baraza lililogawanyika lisiloweza tena kufanya kazi yake kwa kujitegemea. Kufikia 2012 chombo kizima kilikuwa kimevunjwa. Kesi ya nyani, hakimu ngedere: wazazi wa British Columbia waliiona hivyo, na hakuna aliyeweza kuwaambia wamekosea.

Wenzao wa Ontario, jimbo jingine la Kanada, walipitia njia ndefu zaidi. Ontario College of Teachers iliundwa kwa sheria ya 1996. Baraza lake lilikuwa na wajumbe 37, na 23 kati yao walichaguliwa na walimu. Wajumbe 37! Hata kuwapa chai ni mradi. Magazeti ya Toronto yakaanza kuandika kuhusu walimu waliopatikana na makosa mazito bila umma kujua majina yao. Jaji mstaafu Patrick LeSage akaitwa kuchunguza jinsi kesi za nidhamu zinavyoendeshwa, na mwaka 2012 akatoa mapendekezo 49. Mwaka 2018 ukaja uchunguzi mwingine, safari hii wa baraza lenyewe na muundo wake. Desemba 2020 sheria ikabadilishwa: wajumbe 18, nusu walimu na nusu wananchi wa kawaida, na hakuna uchaguzi tena. Walimu wanaomba viti, wanapimwa kwa ujuzi, wanateuliwa. Baraza jipya likaanza kazi mwaka 2022.

Nusu kwa nusu inapendeza kwenye karatasi. Mimi sijashawishika na sehemu ya kuondoa kura. Mwalimu anayelipa ada ya usajili kila mwaka bila kumchagua yeyote kwenye baraza ataliona baraza hilo kama ofisi ya kodi. Na tumeshaona dalili zake hapa nyumbani. TSC ilipozindua mafunzo ya lazima ya kuendeleza walimu kazini mwaka 2021, na mwalimu akatakiwa alipe hadi shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni, kelele zilisikika Lodwar hadi Lunga Lunga. Wazo lenyewe halikuwa baya. Daktari husoma tena, rubani husoma tena, kwa nini mwalimu asisome? Lakini ulipaji uliamuliwa na watu ambao hakuna mwalimu aliyewachagua, kwa hiyo hakuna aliyejisikia ameamua. England nao walikuwa na baraza la walimu tangu mwaka 2000. Serikali ilipolifuta mwaka 2012, si walimu wengi waliolililia. Walilikumbuka kwa ada.

Mfano ninaoupenda ni wa Scotland, na unapendeza zaidi kwa sababu ulizaliwa na mgomo. Mwaka 1961 walimu wa Glasgow waligoma, na hoja mojawapo ilikuwa watu wasiohitimu kuingizwa madarasani kuziba upungufu. Serikali ikaunda kamati, kamati ikapendekeza baraza, na sheria ya 1965 ikaliunda: General Teaching Council for Scotland, mojawapo ya mabaraza ya kwanza ya aina hiyo duniani. Tangu Aprili 2012 baraza hilo linajitegemea, haliko chini ya serikali. Mwajiri wa mwalimu wa Scotland ni halmashauri ya eneo lake. Mshahara unajadiliwa mahali pengine kabisa. Baraza lina wajumbe 37, nalo pia ni kubwa kupita kiasi kwa maoni yangu, lakini tazameni mgawanyo: 19 ni walimu waliochaguliwa na walimu, 18 waliobaki ni wa taasisi za elimu na wananchi wasio walimu. Walimu wanazidi kwa mtu mmoja. Maana yake ni kwamba walimu wakitaka kupitisha jambo la kujipendelea, inatosha mwalimu mmoja mwenye dhamira ahame upande, na limeanguka.

Msidhani pia kwamba hii ni anasa ya nchi za baridi. Afrika Kusini wana South African Council for Educators chini ya sheria ya mwaka 2000: inasajili na kutia nidhamu kitaaluma, wakati waajiri ni idara za elimu za majimbo na mishahara ina meza yake. Tanzania, hapa tu ng'ambo ya Taveta, wana Tume ya Utumishi wa Walimu kwa sheria ya 2015, na mwaka 2018 wakatunga sheria nyingine ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, chombo tofauti. Walimu wengi wa huko waliipokea bodi hiyo kwa manung'uniko, wakiiona kama mkono mwingine wa kuwadai ada. Nawaelewa. Lakini utengano wenyewe wameuandika kwenye sheria, hatua ambayo sisi hatujaipiga.

Sasa kwetu. Kuna kikwazo cha kweli, na wanaosema "vunja TSC" kwenye mikutano ya hadhara hawakitaji. TSC iko kwenye orodha ya tume za Sura ya Kumi na Tano ya Katiba. Kifungu cha 255 kinasema marekebisho yanayogusa uhuru wa tume hizo yapitie kura ya maoni. Nchi hii haitaenda kupiga kura ya maoni kwa sababu ya rejista ya walimu, tusidanganyane. Na hata ingekwenda, mimi singependa mwajiri mmoja aondoke. Nimewaambia wazee walikimbia nini. Rudisheni ajira ya walimu kwa kaunti 47 muone mshahara wa Mandera ukilinganishwa na wa Kiambu, na muone nani atakuwa akiajiriwa na jamaa ya nani.

Ninachoamini kinawezekana ni ukuta ndani ya nyumba. Katiba inaipa Tume kazi ya kusajili na kutia nidhamu. Haisemi makamishna tisa wenyewe ndio wakae kwenye kila kesi. Bunge linaweza kurekebisha Sheria ya 2012 na kuunda baraza la taaluma ndani ya Tume, lenye bajeti yake na msajili wake, ambaye haripoti kwa afisa anayeshughulikia ajira. Baraza dogo, watu kumi na watano hivi. Wanane walimu, waliochaguliwa kwa kura ya siri na kila aliye kwenye rejista, na hapo nasisitiza wa shule za kibinafsi wapige kura, kwa sababu leo wanasajiliwa na kuadhibiwa na chombo ambacho hakiwahusu kwa lingine lolote. Saba wasiwe walimu: wazazi, watu wanaojua ulinzi wa watoto, mtu wa sheria. Afisa wa chama aliye madarakani asigombee, na akitaka kiti aache cheo cha chama kwanza. Afisa wa ajira wa Tume vivyo hivyo asikae. Kesi za nidhamu zinazohusu usalama wa mtoto ziende kwa jopo la watu watatu kutoka baraza hilo, angalau mmoja asiye mwalimu, na uamuzi wao wa kufuta jina usiweze kupunguzwa na ofisi ya ajira kuwa uhamisho.

Kuna atakayesema pesa ziko wapi. Ziko kwenye hizo 1,055 mnazolipa, kwa kuanzia. Pesa ya usajili ifanye kazi ya usajili, na hesabu zake zichapishwe. Mwalimu akiona ada yake imelipia uchunguzi wa kesi fulani na mafunzo ya wasikilizaji wa kesi, hatalia sana.

Na kuna atakayesema vyama vitapenyeza watu wao hata hivyo, kama British Columbia. Watajaribu. KNUT na KUPPET, chama kingine cha walimu, wana matawi kila kona, na mgombea asiye na tawi atapata taabu kufahamika Kwale mpaka Busia. Ndiyo maana nimesema wanane kwa saba. Sina dawa zaidi ya hiyo, na anayewaambia ana dawa kamili ya siasa za uchaguzi mwulizeni anagombea nini.

Nimalizie kwa lile mnaloweza kufanya kabla hata ya namba zenu kutoka. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni kutaka sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Hakisemi kila mwalimu, kinasema kila mtu. Ombi ni karatasi chache: jina lako, unachoomba, sababu zako, na hatua ulizokwisha kuchukua. Katibu wa Bunge analipokea, na kamati husika ikilichukua inaweza kuwaita mbele yake mtoe hoja. Mko mia tatu humu ndani, na kwenye chuo hiki kuna wanafunzi wa sheria jengo la pili kutoka hapa ambao wanatafuta kazi ya mikono ya namna hii. Nimemwachia Mkuu wa Kitivo nakala ya Sheria ya 2012 niliyoichora kalamu nyekundu kwenye vifungu ninavyodhani vinahitaji kuguswa, na nakala ya hukumu ya Mei 2015. Anzeni na hukumu. Kisha mnipigie, tukae tuandike rasimu.

Mwenye swali asimame, na aanze wa nyuma kabisa, kwa sababu huko nyuma nimeona mikono miwili imeinuliwa tangu nilipotaja vyama.